JE, UCHUNGU NI UDHURU?

Twapenda wasomaji wetu walifikiri swali hili pamoja nasi: mtu aliyejaa khofu kwa ajili ya mgonjwa wake, akampiga muuguzi au akamtukana daktari, je, uchungu wake ni udhuru?

Usiku mmoja tulikuwa katika hospitali moja ya pwani yetu, katika chumba cha kupokelea wagonjwa wa dharura. Kijana mmoja alikuwa amemleta mamake aliyevunjika mkono, nao wamengoja kitambo. Mara akaingia mtu amempakata mtoto asiyeweza kuvuta pumzi, akapokewa papo hapo. Kijana akadhani ni upendeleo, akaghadhibika, akamzaba muuguzi kofi. Muuguzi akatoka akilia. Na kwa muda usio mdogo wagonjwa wote, pamoja na mama yule mwenyewe, hawakuwa na wa kuwatazama.

Kwanza, alilolidhania kijana kuwa ni dhulma ndiyo hasa haki. Dukani hutangulia aliyefika mwanzo. Katika dharura hutangulia aliye karibu na mauti. Hospitali nyingi huwapanga wagonjwa kwa rangi, na mwenye nyekundu hamngoji mwenye kijani. Lakini wangojao wasipoelezwa hayo, kungoja hufanana na kudharauliwa. Na kosa hilo ni la hospitali, si lao.

Pili, uchungu waweza kulieleza tendo, wala hauwezi kulihalalisha. Baba wa mtoto yule alikuwa na uchungu mkubwa zaidi, naye hakumgusa mtu. Tena lau kijana angalisimama mbele ya hakimu, mkono wake ungalitulia. Basi haukuinuka kwa sababu akili imemtoka, bali kwa sababu alimwona mtu asiyeweza kumrudishia.

Walakini yuko mpigaji wa namna nyingine: mgonjwa aliyeumia kichwa, au aliyepungukiwa na sukari mwilini, au aliyezidiwa na homa hata hajui afanyalo. Huyu hana lawama, kwani akili ndiyo sharti ya lawama. Lakini uso wa muuguzi huumia sawasawa. Hapo ndipo tunapoona kuwa adhabu na ulinzi ni mambo mawili. Adhabu hutazama nia. Ulinzi hautazami nia ya mtu.

Kwa hiyo hukosea wadhanio kwamba sheria kali yatosha. Uingereza mwaka 2018 ilitunga sheria ya kuzidisha adhabu kwa awapigao watumishi wa dharura. Ni jambo jema, lakini sheria huja baada ya kofi. Ulinzi huja kabla yake: muuguzi asiachwe peke yake usiku, askari awe karibu, pawe na kengele, na mlango wa pili wa kutokea, awepo mtu wa kuwapa habari wangojao, na kila shambulio liandikwe pasina kumlaumu aliyeshitaki. Wala jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba kati ya asilimia 8 na 38 ya watumishi wa afya hupigwa au kudhuriwa mwili wakati fulani katika kazi yao.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Maana yake ni kuwa muuguzi hachagui wa kumpokea: mlevi, mgomvi, hata yule aliyemtukana jana, wote ni wake. Na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo yampa haki ya kufanya kazi mahali pa salama. Haki mbili hizi hazitengani. Tuliyemlazimisha kuufungua mlango kwa kila mtu, sisi ndio tuliokuwa na deni la kuulinda mlango huo. Wakubwa wa hospitali na serikali wasipolilipa, nao wana fungu katika kofi lile.

Nasi raia tuna letu. Tumpelekapo mgonjwa tusiende mtaa mzima. Tumweke mmoja wa kusema. Na mwenye malalamiko ayapeleke kwa mkubwa wa zamu, au ayaandike. Hasira, hasara, na hasara ya usiku ule iliwafikia wasiokuwa na hasira.

Lakini sisi tuliokuwako tulifanya nini? Tulitazama chini, tukanyamaza. Hatukuwa hata na uchungu wa kuutaja kuwa udhuru.