Njaa na Kicheko

Je, ni halali kuicheka njaa? Swali hili laweza kuonekana la upuuzi, maana hakuna achekaye mtu anayekufa kwa kukosa chakula. Hata hivyo, aliyezoea kutazama michezo yetu ya kuchekesha amekwisha kumwona Mgogo akiingizwa humo kwa kazi moja tu, nayo ni kunyoosha mkono aombe. Watazamaji hucheka kabla hajafumbua kinywa.

Nchi ya Ugogo, tangu Gulwe wilayani Mpwapwa hadi ng'ambo ya Dodoma, ina mvua chache zisizoaminika. (Ajabu ni kwamba papo hapo Gulwe mafuriko yamekata njia ya reli mara nyingi.) Njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920, ambayo wenyeji waliiita Mtunya, haikuletwa na ukame peke yake. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe, na wanaume wa kubeba mizigo. Maelfu ya watu walikufa, na wengine wakatawanyika kutafuta riziki. Mkono tunaoucheka ni wa mtu aliyenyang'anywa.

Charlie Chaplin, mchekeshaji na mwongozaji wa filamu, alitoa kitabu cha maisha yake mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 75. Asimulia kwamba utotoni mwake, huko London, mwisho wa mtaa wao palikuwa na machinjio. Siku moja kondoo akatoroka, watu wakamrukia na kuangukiana, naye mtoto akacheka sana. Kondoo alipokamatwa na kurudishwa machinjioni, kicheko kilimkauka, akamkimbilia mama yake akilia. Mzee huyo ajiuliza kama si jambo hilo lililoweka msingi wa filamu zake.

Nami nasadiki. Katika The Gold Rush, filamu ya mwaka 1925, achemsha kiatu chake, ala kamba zake kama tambi na kufyonza misumari kama mifupa. Wazo hilo lilitokana na habari za wahamiaji wa Marekani waliozuiwa na theluji, hata wakala ngozi, na baadhi yao maiti. Twacheka, lakini kinachotuchekesha ni ile adabu yake, anavyokula kiatu kama bwana mkubwa karamuni. Na aliyeketi mezani ni mwongozaji mwenyewe, ambaye utotoni alipata kupelekwa katika nyumba ya mafukara.

Atatokea mtu aseme kwamba mzaha juu ya Wagogo ni utani tu. La, utani una masharti yake. Mtani anikejeliye leo nitamkejeli kesho, na siku ya msiba wangu atafika. Mgogo wa kwenye picha hawezi kumjibu aliyeketi gizani, wala huyo haji kumzika.

Sitaki Mgogo aondolewe katika vichekesho. Natamani mtu atengeneze filamu ya treni iliyokwama Gulwe, reli imechukuliwa na maji, abiria wa Dar es Salaam wamemaliza mikate yao, wanapita mlango hata mlango kuomba ugali wa uwele. Na kamera iwekwe ndani, upande wa mwenye nyumba.