Operesheni Haina Arobaini

Mwanamke akijifungua, kila mtu anajua la kufanya. Kwetu Tanga mama mzazi au shangazi huhamia na kanga zake, maji ya moto huchemshwa asubuhi na jioni, uji wa pilipili manga hupikwa, na mzazi hagusi mwiko mpaka arobaini yake itimie. Mtu akifariki, vilevile: wafiwa hawapiki, majirani huja na sufuria, kuni na mchele wao. Harusi ndiyo usiseme. Lakini mama wa watoto wanne akipasuliwa tumbo na kurudi nyumbani na mshono wake, mila inanyamaza. Watu wanampa pole, wanauliza daktari alisemaje, wanakunywa chai. Na chai yenyewe, mara nyingi, mgonjwa ndiye aliyeelekeza sukari ilipo, kama hakuinuka kuipika mwenyewe.

Nimelifikiria jambo hili tangu jirani yangu hapa Munuki, Juba, Sudan Kusini, alipopangiwa operesheni ya kutoa uvimbe kwenye kizazi. Ni wa kabila la Wabari, mama wa biashara ndogondogo, na Kiswahili chake alikipata Nairobi wakati wa vita. Mumewe ni dereva wa lori njia ya Nimule, leo yupo, kesho yuko Uganda. Alipopewa tarehe, kitu cha kwanza alichokwenda kununua soko la Konyo Konyo kilikuwa maharage. Kisha nyama, vitunguu, karanga za kusaga na mafungu ya kudra, mboga ambayo sisi tunaiita mlenda. Nikamuuliza, dada, kuna sherehe? Akajibu kwamba anawapikia watoto chakula cha siku ambazo atakuwa amelala.

Kugandisha chakula Juba kunataka moyo. Kituo cha umeme cha Ezra, kinachotumia mafuta, kilianza kazi mwishoni mwa 2019, na tangu hapo sehemu ya jiji ina nyaya na mita. Waliobaki wana jenereta, wana sola, au wana giza. Hata mwenye mita huwasha friza huku akipiga hesabu. Na joto nalo ni habari nyingine. Machi 2024 serikali ilifunga shule nchi nzima kwa sababu nyuzi 45 zilikuwa zinatarajiwa. Februari 2025 zikafungwa tena baada ya wanafunzi kuzimia hapa Juba. Wataalamu wa usalama wa chakula wanasema kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na hewa ikizidi nyuzi 32 kisizidi saa moja. Juba ya mwezi wa tatu hukupa hiyo saa moja tu, nayo kwa shingo upande.

Jirani yangu ana friza ya mlango wa juu anayouzia maji baridi kibarazani, kwa hiyo alikuwa mbele kuliko wengi wetu. Alichemsha maharage mpaka yakalainika, akayapoza haraka kwa kuketisha sufuria ndani ya karai lenye maji na mabonge ya barafu, akayagawa kwenye mifuko, mlo mmoja mfuko mmoja, akailaza mifuko ikawa bapa ili igande upesi na isile nafasi. Mchuzi wa nyama aliupika bila viazi, maana kiazi kikiganda na kuyeyuka hubaki makapi. Chapati alizitenganisha kwa karatasi za nailoni. Asida, yaani ugali wa mtama, hakuigusa; hiyo alisema itasongwa siku kwa siku, na kisra itanunuliwa kwa akina mama wanaoiuza asubuhi. Nafasi zilizobaki alizijaza chupa za maji. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, hushika baridi saa 48 hivi baada ya umeme kukatika. Ikijaa nusu, saa 24. Hakuyasoma hayo popote. Miaka ya kuuza maji baridi ndiyo iliyomfundisha.

Nusu ya akiba yake, hata hivyo, haikuhitaji umeme. Kwenye kamba ya nguo ilianikwa sharmut, nyama iliyokatwa vipande virefu vyembamba ikakaushwa na jua lilelile linalofunga shule. Kulikuwa na kopo la waika, unga wa bamia kavu, ambao kijiko kimoja kinatosha kuufanya mchuzi uvutike. Kulikuwa na samaki wakavu wa kupikia kajaik, mchuzi wa samaki. Wanawake wa nchi hii walijua kuweka chakula cha miezi ya njaa na cha safari za kukimbia risasi kabla nguzo ya kwanza ya umeme haijasimikwa, na ukiniuliza mimi ningeitegemea sharmut kuliko friza.

Lakini kuna kitu kilinikera, na sijaacha kukereka. Mwanamke mwenye uvimbe, anayevuja damu mpaka anaona kizunguzungu, alisimama jikoni mpaka siku moja kabla ya kulazwa akiwapikia watu wenye afya. Kijana wake mkubwa ana miaka 17. Alikuwa hapo hapo, kwenye kiti cha plastiki, na simu yake.

Aliporudi kutoka hospitali alikuja na maagizo yale ambayo madaktari wengi humpa aliyepasuliwa tumbo: wiki sita usinyanyue kitu kizito, tembea kidogo kidogo kila siku, kunywa maji, kula nyama, samaki, maharage na mboga ili kidonda kifunge na choo kisiwe kigumu. Maagizo mazuri. Sasa yalete Munuki. Dumu la maji la lita 20 lina kilo 20. Kuwasha jiko la mkaa ni kuinama na kupuliza, na moshi ukikupalia, kikohozi kimoja tu kinauvuta mshono mpaka machozi yanatoka. Kusonga asida kunakaza tumbo zima kuanzia mbavu hadi kinena. Asiyeamini ajaribu kusonga sufuria ya watu wanane huku ameweka kiganja juu ya kitovu. Kwa hiyo ile "pumzika" ya daktari inamtaka mtu mwingine afanye kazi. Daktari haandiki jina la huyo mtu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni walikuja. Ukweni walifika kutoka Bor, kwa upendo wa kweli, na mzigo wa samaki wakavu, na njaa ya safari. Watu wa kanisani walikuja. Akina mama wa sanduk, kile chama chao cha kuchangishana pesa, walikuja. Kila aliyekuja hakuweza kuachwa aondoke bila kula, kwa sababu hiyo ni aibu ya nyumba, na chakula kizuri kipo, kimegawiwa, kinangoja kupashwa moto. Maharage ya watoto yaliliwa na wageni. Mifuko iliyopangwa kwa wiki mbili haikuiona wiki ya pili.

Nilikuwa pale shemeji mkubwa, kaka wa mume, alipofunua friza na kukuta chupa za maji tu zikimtazama. "Dada," akaniambia kwa Kiswahili cha Kenya, "hii chakula yote imeisha. Sasa mimi ndio napika."

Nilidhani anatania. Yeye ni Mdinka wa Bor, na kwa wafugaji wa Kidinka kijana akishafanyiwa mila za kuingia utu uzima hakami tena ng'ombe. Jikoni ndiyo kabisa. Ila huyu alikuwa miongoni mwa wavulana waliotembea hadi Ethiopia mwaka 1987, wakafukuzwa huko na vita mwaka 1991, wakaingia Kakuma, kaskazini mwa Kenya, mwaka 1992. Maelfu yao hawakuwa na mama wala dada. Walikaa kwa makundi, wakagawana mgao wa mahindi na mafuta, wakapokezana zamu ya kupika, na asiyepika zamu yake aliwalaza wenzake njaa. Baadhi ya wavulana hao leo wana mvi na vyeo katika ofisi za Juba. Wanajua kusonga. Wamesahauliwa kuulizwa tu.

Shemeji akavua shati lake la kazini, akabaki na fulana. Akamnyang'anya mpwa wake simu, akampa mwiko. Siku za kwanza asida ilikuwa na mabuja, na mgonjwa kitandani alicheka mpaka akaomba asichekeshwe, mshono unauma. Baadaye ikanyooka. Akina mama wa sanduk nao walipoona mwanaume anapika, wakaona haya wenyewe. Wakaugeuza mzunguko wao: mwenye zamu ya wiki analeta sufuria moja iliyoiva, anajaza maji kwenye pipa, halafu anaondoka. Sikuwahi kuona sanduk likikusanya kitu cha maana kuliko hicho.

Sitaki kuidharau friza. Zile siku za mwanzo, mgonjwa alipokuwa bado wodini na ndugu zake wakimpelekea chakula hospitali kama ilivyo kawaida katika hospitali zetu nyingi za Afrika Mashariki, mifuko ile iliwalisha watoto bila mtu kuhangaika. Mwenye nafasi ya kupika mapema apike, aandike tarehe kwenye mfuko, achemshe sawasawa anapopasha, na kilichoyeyuka kikapata joto asikirudishe kugandishwa. Tatizo langu ni kwamba tumemwachia mgonjwa kazi ya kujitengenezea mapumziko yake, kisha tunamsifu kwa kujipanga.

Wiki sita ni siku 42. Arobaini hiyo, pamoja na siku mbili za nyongeza. Hatuhitaji kubuni mila mpya. Ile ya mzazi ipo, tunaijua kwa moyo, na tumbo lililopasuliwa kwa uvimbe, henia au kidole tumbo linastahili heshima ileile ya tumbo lililozaa. Ni kweli upasuaji ni mgeni katika maisha yetu, bibi zetu hawakuupangia siku. Basi sisi tuupangie.

Ukisikia mtu wako ana tarehe ya operesheni, usingoje arudi ndipo uulize anahitaji nini, kwa sababu atakwambia hahitaji kitu. Uliza mapema nani atateka maji, nani atawasha jiko, nani atasonga, na kama jina linalotajwa ni la mgonjwa mwenyewe, weka lako. Siku ya kwenda kumtazama, nenda na chakula kilichoiva, kwenye chombo usichodai kirudishwe. Osha vyombo utakavyovikuta. Ukikaribishwa chai, sema umeshakunywa.