Shika Nusu Yako

Kando ya Ziwa Titicaca, zaidi ya mita 3,800 juu ya usawa wa bahari, Waaymara wana filimbi ambayo mtu mmoja hawezi kuipiga akaukamilisha wimbo. Inaitwa siku. Ni matete yaliyokatwa marefu na mafupi, yakapangwa safu na kufungwa pamoja. Lakini sauti za wimbo zimegawanywa katika filimbi mbili: moja ni ira, nyingine ni arka. Mwenye ira hupuliza sauti yake, akanyamaza. Mwenye arka huingia papo hapo, naye akanyamaza. Wimbo unapita kati ya vinywa viwili bila kukatika. Ukiwa na ira peke yako, hata uwe fundi wa namna gani, utatoa wimbo wenye mapengo.

Nawaambia haya ninyi mlio kwenye vikundi vya ngoma za asili, mnaofanya mazoezi jioni kwenye uwanja wa shule mkiwa wachache kuliko mwaka jana. Nawaambia ninyi mnaoulizwa nyumbani kila siku, "Na hiyo ngoma itakulisha?" Watazameni watu wa Conima.

Conima ni mji mdogo katika mkoa wa Puno, nchini Peru. Kikundi chake cha siku, Qhantati Ururi, kimekuwapo tangu 1928. Miaka yote hiyo kimeishi vipi? Mtafiti wa muziki Thomas Turino aliishi na wanamuziki wa huko katika miaka ya 1980, na aliyoyaandika yanastahili kusomwa na kila kiongozi wa kikundi. Sikukuu inapokaribia, wapigaji hukusanyika usiku kutunga nyimbo mpya. Mmoja hupuliza kipande kidogo kwa sauti ya chini. Kikiwagusa wenzake, wanakidaka, wanakiongezea, wanakigeuza. Kisipowagusa, kinapita kimyakimya na hakuna anayeaibishwa. Hadi kunakucha wana wimbo ambao jana haukuwapo duniani, na ni wa wote. Na mpigaji mchanga? Hasimamishwi pembeni mpaka ahitimu. Anaingia katikati ya wakubwa, anafuata, anakosea, anajifunza humohumo ndani ya mlio wa wengi.

Sikieni hapo, walimu wa ngoma! Ni vijana wangapi tumewapoteza kwa karipio moja mbele ya watu?

Waliohama kutoka milimani kwenda Lima, mji mkuu wa Peru, kutafuta kazi walikutana na dharau nzito. Mjini, lugha yao ilichekwa, mavazi yao yalichekwa, filimbi zao zilionekana ushamba. Wengi walificha asili yao ili wapate riziki, na siwalaumu hata kidogo. Lakini katika miaka ya 1970 vijana wenye asili ya Puno walianza kupiga siku katikati ya jiji hilohilo, na vikundi vikaongezeka. Wanawake pia, ambao kijijini desturi iliwapa kucheza na wanaume kupiga, wakashika filimbi katika vikundi vya mjini. Hakuna aliyekuja kuwapa heshima ile kwa mkono. Waliipuliza wenyewe, barabarani, kwa pumzi zao.

Na kuna waliotishwa kwa bunduki. Nchini Chile, baada ya jeshi kutwaa madaraka tarehe 11 Septemba 1973, filimbi ya quena na charango, lile gitaa dogo la milimani, vilihesabiwa kuwa vyombo vya maadui. Mwimbaji Víctor Jara aliuawa siku chache tu baada ya mapinduzi. Kundi la Inti-Illimani, lililoanzishwa na wanafunzi wa chuo kikuu mjini Santiago mwaka 1967, lilikuwa ziarani Italia, likafungiwa mlango wa nyumbani kwa miaka 15. Wakapiga ugenini bila kuchoka hadi waliporudi mwaka 1988. Ndani ya Chile, kundi la Barroco Andino likaingia makanisani na kupiga nyimbo za Bach kwa vyombo vilevile vilivyochukiwa. Nani angeukamata muziki wa kanisani?

Sasa nigeukie kwetu. Huko Uganda wapigaji wa amadinda hukaa pande mbili za marimba moja, kila mmoja akigonga kwenye nafasi anayoiacha mwenzake. Kwa hiyo tusijifanye wageni wa jambo hili. Wewe mwenye zeze, wewe mwenye zumari, wewe unayejua wimbo mmoja tu wa bibi yako: hiyo ndiyo ira yako. Usisubiri kujua zote. Usisubiri mfadhili akununulie sare. Mtafute mwenye arka.

Naye mnamjua. Ni yule mpigaji aliyeacha kuja tangu apate kazi mjini; mpigieni simu leo, na asipopokea mfuateni kwake. Ni yule mzee anayeambiwa na wajukuu apunguze kelele. Mpelekeeni kiti, akae mbele, asahihishe mapigo. Ni wale watoto wanaochungulia ukutani mnapopiga. Waiteni ndani, wapeni ngoma, wapige vibaya hadi wapige vizuri. Kisha, kabla ya sherehe ijayo, tungeni wimbo mmoja mpya, ninyi wenyewe, usiku mmoja, kila mtu akitia kipande chake. Jumamosi hii, saa kumi jioni, hata mkiwa wawili, anzeni.