Kinga ya Dini na Haki ya Mwalimu

Mwaka 2020, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura 7 dhidi ya 2, kwamba walimu wawili wa shule za Kikatoliki huko California, ambao mikataba yao haikuendelezwa, hawakuweza kuzishtaki shule hizo kwa ubaguzi, kwa kuwa kazi yao ilihusisha kuwalea watoto katika imani. Uamuzi huo ulipanua kinga ya wahudumu wa dini, yaani kanuni inayoizuia dola kuingilia uteuzi wa wanaobeba kazi ya kiroho, ambayo Mahakama hiyo iliithibitisha mwaka 2012. Mmoja wa walimu hao, Kristen Biel, alifundisha darasa la tano masomo ya kawaida pamoja na dini. Alidai kwamba aliachwa kwa sababu ya kuomba ruhusa ya kutibiwa saratani ya matiti, ingawa shule ilitaja udhaifu wake katika kusimamia darasa, naye alifariki kabla ya hukumu. Dola inayowachagulia waumini walimu wa imani huivunja imani yenyewe, na hilo halina ubishi. Lakini uhuru wa kuchagua nani aongoze sala haudai uhuru wa kumtupa mgonjwa, na kinga hiyo, kwa kuizima kesi mapema, iliacha dai lake bila kupimwa kabisa.