Mgeni Asiyefika Siku ya Tatu

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aliyeitunga methali hii hakuwafikiria wanamuziki. Sisi wa bendi siku ya tatu hatuifiki. Ijumaa tunakesha matangani Awendo, Jumapili tuko Rongo tukingoja matatu ya Homa Bay, spika zimefungwa juu ya gari, na jioni tumeshakaribishwa boma lingine. Tunachinjiwa kuku, tunawekewa maji ya kuoga, tunaondoka. Jembe hatujawahi kulishika.

Swali langu ni hili: mtu anayeishi miaka yake yote ndani ya zile siku mbili za heshima anadaiwa nini, na anayemdai ni nani?

Jibu la haraka ni kwamba tunalipa kwa muziki. Wenzangu wengi husema hivyo, na si uongo mtupu. Huku kwetu jina ndani ya wimbo ni mali. Kabla ya gitaa la benga kulikuwa na nyatiti na nyuzi zake nane, na mpigaji aliitwa kwenye boma akamsifu mwenyewe na ukoo wake. D. O. Misiani alizaliwa mwaka 1940 upande wa Shirati, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, akafanya kazi yake Kenya hadi alipofariki mwaka 2006. Bendi yake iliitwa Shirati Jazz, na wapo wengi wanaolijua jina Shirati bila kujua mahali penyewe pako wapi. Muziki ndio uliolibeba.

Halafu kuna pakruok. Muziki unapunguzwa, mtu anatoa pesa, anashika maikrofoni, anajisifu yeye, rafiki zake na kwao, kisha tunaendelea. Ni mchezo mtamu, na mara nyingi ndio unaotupa nauli. Lakini anayetajwa ni aliyetoa noti. Aliyetulaza hakutoa noti, alitoa kitanda. Nikimwimba kesho yake ili tuwe sawa, nimeugeuza wema wake kuwa pakruok aliyoilipia kwa kuku.

Na pesa je? Mwenzetu mmoja, kule Migori, aliacha mia tano chini ya kikombe. Kabla matatu haijajaa, mtoto alitufikia stendi akihema, noti mkononi. "Mzee anasema kwake si lojing'i."

Mzee alikuwa na haki. Wema ukishawekewa bei unakuwa kitu kingine. Ila ndani ya gari nilianza kujiuliza: huo wema ulikuwa wa nani hasa? Kitanda tulicholalia kilikuwa cha kijana wake, ndani ya simba, ile nyumba ya mwana ambaye hajaoa. Kijana alienda kulala kwa jirani. Kuku alikuwa wa mama. Maji yaliletwa na mke wa mwana mkubwa, aliyeamka gizani na mtungi kwa sababu kuna wanaume saba wa kuoga. Kwa jina, ukarimu ulikuwa wa mzee. Kwa mgongo, ulikuwa wa mtu mwingine. Mzee aliulizwa kuhusu mia tano akakataa. Yule mama hakuulizwa chochote.

Sisi tungepaswa kuliona hili upesi kuliko wengine, maana bendi nayo iko hivyohivyo. Bango lina jina la mwimbaji. Mpiga besi na yule anayebeba jenereta hawamo. Tunalilalamikia jambo hilo usiku kucha, halafu asubuhi tunamshukuru mzee peke yake.

Najua nitajibiwa kwamba desturi ndiyo hiyo, nyumba ina mwenyewe, na mgeni hakuja kupanga nyumba za watu. Kuna ukweli hapo. Isitoshe, sina ruhusa ya kumhurumia mtu ambaye hajaniomba huruma. Pengine kupokea wageni ni fahari yake kama ilivyo fahari ya mzee. Lakini hilo nitalijuaje kama hata jina lake silijui?

Nadhani hapo ndipo jembe letu lilipo. Methali haisemi jembe ni malipo. Aliyepewa jembe anajua shamba liko wapi, na anajua nani amechoka. Sisi tusiofika siku ya tatu inabidi tuianze siku ya kwanza. Uliza kisima kiko wapi. Beba mtungi mmoja, wanaocheka wacheke. Uliza aliyepika anaitwaje.

Huku mke huitwa kwa alikotoka. Boma moja la Homa Bay tuliambiwa ni nyar Karachuonyo, binti wa Karachuonyo. Hatukumtungia wimbo. Tulipokuwa tukiaga tulilitaja jina la mzee kwanza, kama inavyotakiwa, kisha tukasema, "Na nyar Karachuonyo, asante kwa maji." Mzee alinyamaza kidogo, akageuka kutazama jikoni.

"Eeh," akasema. "Huyo ameamka mapema."