Ndege Wajuao Majira Yao

JUMATANO

Soma Yeremia 8:4–7. Ndege wanajua jambo gani ambalo watu wa Mungu walikuwa wameliacha?

Sabato moja mchana, mwezi wa Aprili, darasa letu la Shule ya Sabato lilikwenda kutazama ndege katika hori ya Mida, karibu na Watamu, pwani ya Kenya. Kiingilio kilikuwa kimelipwa tangu Ijumaa. Tulikuwa watu kumi na wawili wenye darubini mbili, tukapokezana. Maji yalikuwa yakipwa, na matope yalipoonekana mbele ya mikoko, ndege walishuka kwa mamia kutafuta chakula.

Kiongozi wetu alituonyesha kitwitwi mwenye mdomo uliopinda kuelekea chini. Wengine walikuwa wa kijivu. Wengine vifua vyao vilikuwa vimeanza kuwa vyekundu kama kutu. “Hao wekundu,” alisema, “siku zao za kuondoka zimekaribia.”

Kitwitwi huyo ana uzito wa gramu 60 hivi. Hutaga mayai kaskazini kabisa mwa Siberia, nchini Urusi, zaidi ya kilomita 8,000 kutoka Mida. Kabla ya safari hula sana, hujijaza mafuta, na manyoya yake hubadilika rangi. Huko kaskazini, baba hutangulia kuondoka, kisha mama. Wachanga hubaki nyuma, halafu huja kusini bila mzazi wa kuwaonyesha njia.

“Basi ni nani huwaambia?” mzee mmoja aliuliza. Yeremia angemjibu mara moja. Yeye aliwataja koikoi, hua, mbayuwayu na korongo, ndege ambao watu wa Yuda waliwaona wakipita mwaka baada ya mwaka. Aliyewaumba aliwawekea majira yao, nao huyafuata. Lakini Yuda, waliokuwa na hekalu, makuhani na sheria iliyoandikwa (fungu la 8), hawakurudi kwa Bwana wao. Hakuna aliyejiuliza amefanya nini (fungu la 6).

Angalia kwamba kosa lao halikuwa kukosa maarifa. Katika Yeremia, kuijua sheria ya Bwana ni kuiendea. Ndege anayejua majira lakini asiruke, hajajua kitu.

Tulipokuwa tukirudi, ndugu mmoja aliyekuwa kimya tangu mwanzo alisema, “Mimi na kaka yangu hatujasemezana kwa miaka saba, kwa sababu ya mpaka wa shamba. Kila mwaka nasema nitakwenda baada ya mavuno.” Huyu ni mtu ambaye kila Sabato hujibu maswali ya lesoni vizuri kuliko wengi wetu. Hakuna aliyemhubiria. Tulisimama pale njiani, tukaomba pamoja naye. Jumapili asubuhi alipanda basi kwenda kwao. Mambo ya mpaka bado hayajaisha, lakini alikula chakula nyumbani mwa kaka yake.

Soma Mathayo 5:23, 24 na Warumi 2:4. Kumrudia Mungu na kumrudia ndugu yako kunahusianaje? Ni nini kinachotuvuta kwenye toba?

Kitwitwi huruka kwa sababu ndivyo alivyoumbwa. Sisi tumepewa hiari, nasi tunaweza kuisikia sauti ya Mungu na kukaa palepale. Ndiyo maana maneno ya Yeremia yana huzuni ndani yake: ni huzuni ya Baba anayengoja. Hatusukumwi kwa nguvu. Tunavutwa kwa wema. Na yule anayetuita kurudi ndiye anayetupa nguvu za kurudi, kama anavyompa ndege mdogo nguvu za kuvuka jangwa na bahari.

Majira ya ndege ni Aprili. Majira yetu, Waebrania 3:15 inatuambia, ni leo.

Tafakari: Ni safari gani ya kurudi, kwa Mungu au kwa mtu fulani, ambayo umekuwa ukiiahirisha? Ni hatua gani ya kwanza unayoweza kuichukua kabla ya Sabato ijayo?