Alama ya Kuuliza

Somo la juma hili ni Mwanzo 22, nami nakiri kwamba nimelihubiri mara nyingi kwa wepesi. Baba anapanda mlima na mwanawe, kisu kinainuliwa, malaika anaita, kondoo dume amenasa kichakani kwa pembe zake, na sisi tunatoka ibadani tukiwahi chai. Safari hii nimeshindwa kulipita mbio hivyo, kwa sababu ya askari mmoja aliyelisoma somo hilohilo akalipa mwisho mwingine.

Ni Wilfred Owen, Mwingereza, mzaliwa wa 1893. Kabla ya kuvaa sare alikaribia kuwa mwenzetu. Kuanzia 1911 hadi mapema 1913 aliishi nyumbani kwa kasisi wa kijiji cha Dunsden, akimsaidia kazi za parokia na kutembelea maskini na wagonjwa. Aliondoka pale imani yake ikiwa imetikisika, ila Biblia haikumtoka. Mwaka 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akajiandikisha jeshini, na Januari 1917 akafika kwenye mahandaki ya Ufaransa, akiwa ofisa kijana, katika baridi ya kugandisha damu. Miezi michache tu ya mizinga ikamvuruga akili, akarudishwa kutibiwa katika hospitali ya Craiglockhart, Edinburgh. Huko alikutana na Siegfried Sassoon, mshairi na askari, aliyekuwa ameandika waraka wa kuupinga uendeshaji wa vita. Karibu mashairi yote tunayomkumbukia Owen yalitungwa katika mwaka mmoja na ushei uliofuata.

Linalosomwa sana shuleni ni lile la gesi ya sumu. Vijana wanatoka mstari wa mbele wamechoka hadi wanatembea usingizini. Gesi inaingia, wanapapasa kuvaa vinyago vyao, mmoja anachelewa. Mshairi anamwona kupitia kioo cha kinyago, kama mtu azamaye baharini. Hatuelezwi kwamba alikufa kishujaa. Tunafanywa tutembee nyuma ya gari alilotupwa ndani yake, tumtazame usoni, tusikie mapafu yake yakibubujika. Ndipo Owen anaugeukia usemi wa Kilatini wa mshairi Horatius, kwamba kuifia nchi ni kutamu, usemi uliokuwa umechorwa mwaka 1913 ukutani mwa kanisa la chuo cha kijeshi cha Sandhurst, na kuuita uongo. Angalieni ulipochorwa: kanisani.

Hapo ndipo panaponiuma. Katika vita vile wachungaji wa pande zote walibariki bendera zao. Askofu wa London, Arthur Winnington-Ingram, alisimama mimbarini kuwahimiza vijana wakajiandikishe. Si kazi yangu kumhukumu, maana nami nimewahi kuombea ushindi bila kuuliza utalipiwa na watoto wa nani.

Katika shairi la Owen juu ya Mwanzo 22, Ibrahimu anamfunga Isaka kwa mikanda ya kijeshi na kuchimba mahandaki. Malaika anaita kama ilivyoandikwa. Kondoo dume yupo kichakani kama ilivyoandikwa, ila ana jina: Kiburi. Mtoe huyo, anaambiwa, mwache kijana. Na mzee anakataa. Anamchinja mwanawe, kisha nusu ya vijana wa Ulaya, mmoja baada ya mwingine.

Nilipolisoma mara ya kwanza nilidhani anamtukana Mungu. Sasa naona sivyo. Ndani ya shairi lile Mungu hana kosa, kwa kuwa alituma malaika, alitoa kondoo, na mlango ulikuwa wazi. Ubatili wa vita, kwa Owen, uko hapo, kwamba dhabihu ya kumwokoa kijana ilikuwapo hatua chache kutoka madhabahuni, na wazee wakaiona ghali kuliko mtoto.

Mtunzi wa muziki Benjamin Britten alilielewa hivyo. Kanisa kuu la Coventry, lililobomolewa kwa mabomu mwaka 1940, lilipojengwa upya, kazi yake ya muziki ya kuwaombea waliokufa vitani iliimbwa humo tarehe 30 Mei 1962. Aliliweka shairi hili katikati ya misa, pale ambapo kwaya inaimba kwa Kilatini ahadi aliyopewa Ibrahimu na uzao wake. Uzao gani? Ndilo swali lenyewe.

Owen hakuwa mtu wa kukataa kushika silaha, na haifai tumpake rangi hiyo. Angeweza kubaki Uingereza, lakini mwaka 1918 alirudi Ufaransa. Alimwandikia mama yake kwamba amerudi kuwasaidia vijana wale: kwanza kwa kuwaongoza, tena kwa kuyatazama mateso yao ili aweze kuyasemea kama wakili. Sisi tungesema mwombezi. Oktoba mwaka huo alipigana kwa namna iliyompatia nishani ya Military Cross, na hakuna shaka aliua watu. Tarehe 4 Novemba, kikosi chake kikijaribu kuvuka mfereji wa Sambre-Oise karibu na Ors, naye akauawa. Alikuwa na umri wa miaka 25, na mashairi yake yaliyokwisha kuchapishwa yalikuwa matano tu.

Vita vilisimamishwa siku saba baadaye. Huko Shrewsbury kengele za makanisa zilikuwa zikipigwa kwa shangwe telegramu ilipofika mlangoni kwa mama yake, Susan.

Huku kwetu Afrika Mashariki kengele hizo hazikuwa zimesikika. Jenerali Mjerumani Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba, huko Abercorn, ndiyo Mbala ya leo, Zambia. Wapagazi wa majeshi walikuwa bado njiani na mizigo kichwani. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi, na walio wengi hawana kaburi lenye jina. Jina la kikosi chao tunalo, Carrier Corps, tukalifanya Kariakoo, na kila siku tunakwenda kununua vitenge juu yake.

Owen analo kaburi, katika makaburi ya kijiji cha Ors. Maneno ya kuandikwa juu ya jiwe aliyachagua mama yake, kutoka katika shairi moja la mwanawe. Katika shairi hilo kijana anauliza kama kweli kifo kitabatilishwa na machozi kufutwa, na jibu linalokuja, kutoka kwa dunia iliyozeeka, halina faraja hata kidogo. Susan alikuwa mama Mkristo wa sala. Alilikata swali hilo kabla halijafika kwenye alama yake ya kuuliza. Shaka ya mwana ikasomeka kuwa imani: kifo chote kitabatilishwa.

Mwana aliubadilisha mwisho wa Mwanzo 22, mama akaubadilisha mwisho wa shairi la mwana. Wasomi wengine wanamlaumu kwa kumsemesha marehemu asichokisema. Mimi niliyesimama makaburini na akina mama wa aina yake siwezi kumlaumu, wala siwezi kuirudisha ile alama ya kuuliza kifuani nijifanye haikuwahi kuandikwa.

Jumapili nitalisoma somo lote. Nikifika mstari wa 10, Ibrahimu anaponyosha mkono na kukitwaa kisu, nitanyamaza kidogo. Mtakaodhani nimepotea ukurasa, nisubirini.